Transiva ya mita 40 ya kujiundia: kristali kwanza

Hii ni transiva, yaani redio ya kupokea na kutuma, ya bendi moja, 7.000 hadi 7.200 MHz, sauti ya LSB (upande wa chini wa mawimbi tu), umeme wa volti 12. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iwe mkononi kabla ya kutuma.

1. Bodi. Kata visiwa vidogo vya bodi ya shaba, vigandishe kwa supaglu juu ya bodi kubwa, lehemu juu yake. Veroboadi iache kabisa, njia zake zinavujishiana mawimbi.

2. Osileta. Arduino Nano, kompyuta ndogo ya bodi moja, na Si5351, chipu ya kuzalisha masafa. Tundu lake la CLK0 litoe 4.8 hadi 5.0 MHz, la CLK2 litoe karibu 12 MHz. Kristali za kichujio ni za 12 MHz, na 12 ukitoa 7.1, katikati ya bendi, unabaki na 4.9.

3. Kristali. Hapa usiharakishe. Nunua 20 za fungu moja, ingawa utatumia nne tu. Unda osileta ya transista 2N3904 yenye soketi, umeme wake upite kwenye 78L05 (kidhibiti cha volti 5), na kaunta ya masafa isome hadi 10 Hz. Washa vyote dakika 20 kabla ya kipimo cha kwanza. Kristali ishike kwa koleo: joto la vidole peke yake linahamisha masafa, na chini ya bati la Mwanza saa nane mchana hata meza inachemka. Pima asubuhi. Kila moja iache dakika moja itulie, kisha andika tarakimu za mwisho mgongoni mwake kwa makapeni. Ukimaliza ya 20, rudia ya kwanza. Kama imehama zaidi ya 20 Hz, osileta ndiyo iliyotembea, na orodha yote haifai, anza upya.

Chagua nne zinazopishana chini ya 50 Hz. Zipange mfululizo, na kila zinapoungana weka kapasita ya 100 pF kwenda gandi (ardhi ya saketi). Iwe NP0, aina isiyoyumba na joto; zile seramiki za kung'oa kwenye redio mbovu hubadilika na joto. Sauti ikibanwa sana, shusha hadi 82 au 68 pF. Maganda ya kristali yaunge gandi kwa mguso mfupi wa lehemu.

Sasa masafa ya CLK2. Anza juu ya masafa ya kichujio, shuka kwa 50 Hz huku ukisikiliza. Sauti nyembamba, bila besi, maana yake uko juu mno. Ikiwa nzito na kituo kinasikika pande zote mbili za sifuri, umeingia ndani ya kichujio. Rudi juu kidogo.

4. Kutuma. Transista ya nguvu IRF510 kwenye hitisinki (chuma cha kupooza joto), na mika isiyopitisha umeme katikati, kwa sababu mgongo wa transista umeungwa na mguu wake wa dreni. Potenshometa ya geti, mguu wa kudhibiti, ianze sifuri. Panda polepole mpaka ampea mita ioneshe 80 mA bila sauti.

5. Kichujio cha kutokea. Pete tatu za T37-6, za kuzungushia waya: mizunguko 21, 24, 21. Kapasita 270, 680, 680, 270 pF.

6. Antena. Waya mbili, mmoja kila upande, kila mmoja mita 10, ukate kidogo kidogo. Kamba ya nailoni ya wavuvi, ile ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba, inatosha kuifunga juu ya mawe, na vipande vya bomba la PVC ndivyo vihami. Wingu likipanda kutoka ziwani, chomoa waya wa antena kwenye redio kabla ngurumo haijafika.