Kutengeneza paneli ya mbao za kukingama huku Lamu: unyevu kwanza, gundi baadaye

Mafundi wenzangu wa Amu, Shela, Mokowe hadi Malindi, nimeulizwa hii kitu mara nyingi sana kwa hivo naandika yote hapa pamoja. Paneli ya mbao za kukingama si plaiwudi na si ile bodi ya unga wa mbao, ni mbao nzima zimepangwa tabaka juu ya tabaka, la kwanza nyuzi zinakwenda kwa urefu, la pili linakingama, la tatu linarudi kwa urefu, halafu gundi inazishika zikawa kitu kimoja. Tabaka lazima ziwe witiri, 3 au 5 au 7, ili juu na chini zivutane sawasawa paneli isipinde. Wenzetu wa Austria na Ujerumani waliianza miaka ya 1990, wanaiita CLT, kifupi cha Kiingereza cha cross-laminated timber, na sai kule Milwaukee Marekani kuna jengo la ghorofa 25 liliisha 2022, chini ni zege lakini sakafu za juu ni paneli hizi.

Niseme mapema jambo moja na nalisema kwa uzito: ya kutengeneza kwa mkono kwenye karakana ni ya milango, shubaka, kitanda, meza, kizuizi cha chumba. Sakafu ya ghorofa au dari ya watu kulala chini yake usijaribu, hiyo inataka paneli ya kiwandani iliyopimwa na injinia wa kukupigia hesabu.

Paneli yangu ya kwanza ilikuwa mlango wa chumba kinachoangalia bahari Shela. Nilinunua saiprasi sita kwa moja, yaani upana inchi sita unene inchi moja, zikavushwa na mashua, juu zilikuwa kavu kabisa ukizipapasa, nikaranda nikapaka gundi nikabana. Kaskazi moja tu, ule msimu wetu wa ukavu, haijaisha, nyufa zimefunguka na pembeni gundi imeachia mpaka kisu kinaingia. Iliniuma sana manake yule mteja aliniamini. Nikachukua kipande cha zile mbao zilizobaki, nilikuwa nimekifunga kwenye nailoni, nikakipima: gramu 612. Nikakiweka kwenye oveni digrii 103 hivi mpaka uzito ukaacha kushuka, kikatoka gramu 510. Maji yaliyotoka ni gramu 102, gawanya kwa 510, ni asilimia 20. Yaani mbao niliyoiita kavu ilikuwa na sehemu moja ya maji kwa kila sehemu tano za mbao yenyewe.

Hiyo ndo njia ya kupima na haina siri, uzito wa mbichi toa uzito wa kavu, gawanya kwa uzito wa kavu, zidisha kwa 100. Angalia ugawanye kwa kavu, wengi wanagawanya kwa mbichi wanapata namba ndogo wanafurahi bure. Kipande usikate pale mwisho wa ubao kwa sababu mwisho hukauka mbele ya kwingine, ingia ndani kama futi moja na nusu. Kama una ile mita ya unyevu ya pini mbili ni nzuri pia, ila huku kwetu ina tatizo lake: ikiwa mbao imerushiwa maji ya bahari njiani, chumvi inapitisha umeme na mita itakwambia unyevu mwingi kuliko ulioko. Mbao ya mashua mimi siku zote napima kwa mizani na oveni.

Sasa ikauke mpaka wapi? Hapa ndo watu wanakosea kwa kufuata vitabu vya Ulaya. Viwanda vya kule vinataka karibu asilimia 12, kwa sababu mbao ikikaa nyumbani kwao inatulia chini ya hapo au hapohapo. Mbao haikauki milele, inavuta na kutoa unyevu mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Hewa ya joto la digrii 27 yenye unyevu wa asilimia 75 inaituliza mbao kwenye 14 hivi, ikipanda mpaka 80 mbao inakaribia 16. Hiyo ndo hewa yetu ya bahari. Kwa hivo mlango wa Lamu ukaushe mpaka 13 au 14, uugundishe hapo, kusi ukiingia utavimba kidogo na kaskazi utarudi kidogo, hautateseka. Lakini kama kazi ni ya chumba chenye eya kondishena inayowaka kutwa, mle ndani mbao inaweza kushuka mpaka 10, basi uliza mteja kabla hujaanza, ni swali moja linaloweza kuokoa kazi nzima.

Kukausha hakuna haraka. Panga mbao kivulini pahali upepo unapita, kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja kila futi moja na nusu, vijiti vikae juu ya vijiti wima kabisa la sivyo mbao zinapinda, juu weka mawe uzito, na zile ncha zipake rangi nzito ya mafuta manake ncha hunywa na kutoa maji kwa kasi mno kuliko ubavu, ndo pale nyufa zinaanzia. Juani usiweke. Chukua ubao mmoja uwe wa alama, upime uzito kila Jumamosi uandike kwa penseli juu yake, wiki mbili tatu uzito ukikaa palepale ujue umelingana na hewa. Inchi moja ya saiprasi itachukua wiki nyingi, masika zaidi, subiri tu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu mbao inanywea kwa upana na kwa unene lakini kwa urefu karibu hainywei kabisa. Mbao laini za kawaida, kila asilimia moja ya unyevu inayotoka, upana unapungua kama asilimia 0.2, urefu ni kama 0.01 tu. Chukua mlango wa upana wa milimita 900 uliounganishwa mbao zote upande mmoja, ukitoka unyevu 20 ukafika 14, zile asilimia 6 zinakula karibu milimita 11. Ukiukingamisha, lile tabaka la katikati ambalo nyuzi zake zimelala kwa upana linakataa, linazishika zile za nje zisijikunje, na mlango wote unapungua milimita moja hivi. Hapo ndo uzuri wa hii kazi. Lakini ile nguvu ya kunywea haikwenda popote, imekaa kwenye gundi inavuta, na ukiwa umegundisha mbao mbichi inavuta kwa nguvu mpaka gundi inaachia au ubao unapasuka katikati. Mlango wangu ulikufa hivo. Unene nao hauna wa kuushika, paneli ya milimita 60 itapungua karibu milimita 0.7, kwa hivo ukichimba nafasi ya kitasa au bawaba fikiria hilo.

Unyevu unagusa nguvu pia. Mbao kuanzia kavu mpaka karibu asilimia 28 au 30, kila unavyoongeza maji inalegea, nguvu ya kubeba mgandamizo inashuka asilimia 4 mpaka 5 kwa kila asilimia moja ya unyevu. Ikipita 20 ikakaa hapo muda mrefu ukungu na uozo unapata nafasi, na mchwa nao wanapenda mbao yenye unyevu.

Tuje kwenye kuchagua na kupanga. Ondoa ubao wenye moyo wa mti katikati, ondoa wenye kifundo kikubwa, ule mzuri kabisa uwe wa nje na wenye dosari ndogo uwe wa katikati. Upana wa kila ubao usipungue mara nne ya unene wake, sita kwa moja inatosha sana. Sababu yake ni hii. Paneli ikibeba mzigo, lile tabaka la kukingama linasukumwa juu huku chini kule, na nyuzi zake zinataka kubingirika, mfano wa magogo yanayowekwa chini ya mashua inapopandishwa ufukweni. Huo ndo udhaifu mkubwa wa paneli hizi, mbao ikisukumwa kwa kubingirisha nyuzi inalegea zaidi ya mara kumi kuliko ikisukumwa kwa urefu wa nyuzi. Vibao vyembamba vilivyosimama vinabingirika mapema, vipana vinatulia.

Na upande wa kulaza paneli ni muhimu mno. Nyuzi za nje zifuate urefu ule unaovuka kutoka nguzo hadi nguzo. Hesabu ni rahisi: ugumu unafuata unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hivo tabaka 3 za unene sawa ni 3 × 3 × 3 = 27, ile ya katikati peke yake ni 1, zile mbili za nje ndo zinatoa 26 kati ya 27 za ugumu wote, yaani asilimia 96, kwa sababu zimekaa mbali na katikati. Ukiigeuza, inabaki 1 kati ya 27 pamoja na kidogo tu, paneli ileile inakuwa laini zaidi ya mara kumi. Nimeona shubaka limelazwa upande usiofaa, vyombo vimewekwa leo, kesho limebonyea. Ukitaka ibebe pande zote mbili tengeneza tabaka 5, hapo unapata 99 kati ya 125 kwa urefu na 26 kati ya 125 kwa upana.

Gundi. Ile nyeupe ya kawaida kwa bahari yetu hapana, ikipata unyevu na joto inateleza polepole. Tafuta ya poliyurethani au nyengine iliyoandikwa inastahimili maji, soma maandishi ya kopo lenyewe. Randa siku hiyohiyo unayogundisha, uso ukilala siku nyingi unashika vumbi na mafuta ya mti yanatoka juu gundi haishiki. Fanya alfajiri au baada ya Alasiri jua likipoa, mchana gundi inakauka hujamaliza kupanga.

Kubana ndo panaposhinda wengi. Gundi nyingi zinataka kilo 6 mpaka 10 kwa kila sentimita mraba. Paneli ya sentimita 60 kwa 60 ni sentimita mraba 3,600, mara 6, unazungumzia tani 21.6! Rundo la mawe haliwezi hata likifika kiunoni. Mimi nilichomelewa fremu ya chuma kizito, naweka jeki ya lori ya tani 20 niliyoazima Mokowe, na kati ya jeki na paneli naweka boriti nene za mbao ngumu kutandaza nguvu. Kwa jeki moja nabana kipande cha 40 kwa 40, hapo ni tani 9.6 tu, kikubwa zaidi naongeza jeki. Usisimame mbele ya fremu unapopampu na usiamini uchomeleaji wa haraka, ile nguvu ikichomoka inaua mtu. Gundi ikichuruzika kidogo pande zote kama shanga, ujue imesambaa. Acha ibanwe muda ule kopo linavyosema, ongeza na wako kidogo.

Kabla ya kumpa mteja chochote tengeneza kipande cha majaribio. Kata mraba wa sentimita 10, uzamishe kwenye ndoo ya maji matamu siku nzima, uuanike kivulini siku tatu, kisha piga patasi pale kwenye gundi. Nyuzi za mbao zikichanika na kubaki zimeng'ang'ania pande zote, gundi imeshika. Ukiona uso laini unang'aa na gundi imebanduka nzima, rudi mwanzo, ama mbao ilikuwa na maji ama hukubana vya kutosha.

Jaribio la kupinda nalo ni jepesi. Mkanda wa upana sentimita 5, tabaka 3 za milimita 12 ambazo ni milimita 36, uweke juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 90, nyuzi za nje zifuate urefu, katikati uning'inize jerikeni ya lita 20 imejaa, yaani kilo 20. Vuta uzi wa mvuvi kutoka kigingi hadi kigingi upime kwa rula: saiprasi nzuri itashuka milimita 2 mpaka 3. Ikishuka 5 au 6 kuna gundi haikushika au mbao ni dhaifu. Iache hapohapo wiki mbili uendelee kuandika, mbao ikibebeshwa muda mrefu inaendelea kushuka polepole, na pahali penye unyevu wa kupanda na kushuka inafika karibu mara mbili ya ile ya siku ya kwanza, kwa hivo shubaka la vitabu au kitanda kihesabu kwa hiyo mara mbili. Na ujue ukiongeza nafasi kati ya vigingi mara mbili, kupinda kunazidi mara nane. Wazee wetu walijenga vyumba vyembamba vya Amu kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, si kwamba hawakutaka chumba kipana.

Ukifika siku ya kufunga, ncha zote zilizokatwa zipake mafuta au vanishi tabaka tatu, tena hata zile zinazojificha chini ya mlango ambazo hakuna anayeziona. Pande zote mbili za paneli zipake sawa, ukipaka moja tu upande mwengine unanywa peke yake na paneli inapinda. Mbao isigusane na ukuta wa matumbawe, ule ukuta unavuta maji kutoka chini, weka nailoni ya DPC, ile ya kuzuia unyevu wa ukuta, katikati. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, za kawaida chumvi inazila na kutu inaozesha mbao kuizunguka. Na kwenye fremu acha nafasi ya milimita 3 kila upande kama unafunga wakati wa kaskazi, kusi ukija mlango uwe na pahali pa kuvimbia.