Kabla kaskazi haijalegea: ya kutayarisha nyumbani Lamu

Ukisikia joto la digrii 40 huko Ulaya, 32 au 33 yetu ya Machi huonekana ndogo. Usiidharau. Mwili hupoa jasho linapokauka, na hapa upepo wa kaskazi ukishalegea, na ule wa kusi haujaingia, hewa hujaa unyevu na jasho halikauki hata usiku wa manane. Usitishike pia. Wazee wetu waliuzoea msimu huu, na kuta nene za matumbawe walizojenga humkinga mtu na jua la mchana.

Anza na paa. Aliye chini ya mabati huteseka zaidi kuliko aliye chini ya makuti. Chagua chumba kisichopigwa na jua la alasiri. Kama huna, mwombe jirani mwenye nyumba ya mawe sasa hivi, usingoje mtoto azidiwe.

Jaza maji ya akiba, na mtungi uuweke penye upepo. Weka nyumbani sukari na chumvi pia, za kuchanganya hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kwa atakayeishiwa maji mwilini. Miaka hii Ramadhani inaangukia kaskazi, basi kunywa kidogo kidogo toka futari hadi daku. Mwenye kisukari au figo amwone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Linalonikaa zaidi moyoni ni wazee wanaoishi peke yao. Mwaka 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee. Hesabuni mtaani kwenu: nani hana mtu? Mpangeni kijana apite saa saba mchana, na tena baada ya Isha. Shikamoo peke yake haitoshi, kwani bibi ataitikia marahaba na kusema hajambo hata akiwa hoi. Kijana atazame birika la maji la bibi limepungua kiasi gani, asikilize kama maneno yake yanafuatana. Akipayukapayuka na mwili unawaka, amtoe juani, ammwagie maji mwili mzima, ampepee, na apelekwe hospitali hapo hapo. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Walioko visiwa vya Pate au Kiwayuu wakubaliane na nahodha mapema jinsi ya kumfikisha mgonjwa hospitali: boti ya nani, na petroli ya safari ya usiku imewekwa wapi.