Kubadilisha Kebo ya Usukani Iliyokatika kwenye Boti Kuukuu

Boti nyingi za wakazi wa Nairobi huharibikia nyumbani wala si majini. Hukaa juu ya trela uani kwa miezi, zikanyeshewa na kuanikwa juani, kisha Jumamosi moja huvutwa kilomita 90 hivi hadi Naivasha na kutarajiwa zifanye kazi kana kwamba zilitumika jana. Zaidi ya hayo, kadhaa kati yake zilinunuliwa pwani zikiwa zimetumika, nazo zilipanda bara na chumvi ya Mombasa ikiwa imejificha ndani ya vyuma vyake. Kebo ya usukani ndiyo huonyesha madhara ya maisha hayo mapema. Grisi hukauka, kutu huota kati ya fimbo ya kebo, yaani chuma kilicho kwenye ncha yake ya nyuma kinachoigeuza injini, na bomba la bawaba, yaani lile bomba ambalo injini huinukia juu yake, kisha mwenye boti anapokuta usukani mgumu huulazimisha kwa mikono miwili hadi kitu fulani kikatike. Kwa sababu hiyo nasisitiza tangu mwanzo kwamba kuiingiza kebo mpya ni sehemu nyepesi ya kazi hii, na kulisafisha bomba ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba kosa ni la kebo. Egesha trela mahali tambarare, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, toa ufunguo, fungua waya hasi wa betri, kisha shusha injini na uinyooshe ielekee nyuma moja kwa moja. Fungua mkono mfupi wa chuma unaounganisha fimbo ya kebo na injini, halafu geuza injini kwa mkono kulia na kushoto. Ikiwa injini yenyewe ni nzito, ugonjwa umo kwenye mhimili wake, na dawa yake ni grisi katika nipeli za mhimili huo, yaani vile vichuchu vya kupigia grisi. Kebo mpya haitakusaidia kitu. Ikiwa injini inageuka kwa urahisi lakini fimbo haisogei usukani unapozungushwa, basi ama waya wa ndani umekatika, ama gia iliyo nyuma ya usukani imekwisha, ama fimbo imeganda ndani ya bomba. Ganda la kebo lililopasuka au kuvimba ni ushahidi kwamba maji yaliingia na kutu imejaa ndani. Kebo ya namna hiyo haitengenezeki. Haikuundwa ifunguliwe wala itiwe mafuta ndani, na fundi atakayekuambia kwamba anaweza kuiunga kwa kipande cha waya wa lori anakuuzia ajali, kwa kuwa kiungo hicho kitaachia siku ya mawimbi, mbele ya viboko.

Urefu ndio unaowakosesha watu wengi. Kebo nyingi huwa na namba iliyochapwa kwenye ganda, karibu na upande wa usukani, na mara nyingi tarakimu mbili za mwisho hutaja urefu kwa futi. Safisha ganda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na utumie tochi kabla ya kusema kwamba namba imefutika. Ikiwa kweli imefutika, pima urefu wa ganda pekee bila vyuma vya ncha, na kwa gia ya mviringo, ambayo ndiyo ya kawaida, ongeza inchi 18, yaani sentimita 46 hivi, kisha panda hadi futi kamili inayofuata. Ganda la sentimita 310, kwa mfano, ukiliongezea 46 linakuwa 356; ukigawanya kwa 30.5 unapata futi 11 na zaidi ya nusu, kwa hiyo utaagiza kebo ya futi 12. Gia ya meno yaliyonyooka huongezewa inchi 30 badala ya 18. Piga picha gia ilivyo na jinsi kebo inavyofungwa kwake, kwa sababu baadhi ya kebo hufungwa kwa nati na nyingine hunasa kwa kifungo, na aina hizo hazibadilishani nafasi. Gia yenyewe ikiwa na mchezo mkubwa, nunua seti nzima. Usitarajie kuipata kebo hii kwa urahisi kwenye maduka ya vipuri vya magari ya Barabara ya Kirinyaga. Mara nyingi utaiagiza kwa wauzaji wa injini za boti, au itumwe kutoka Mombasa kwa basi la usiku.

Sasa fungua nati kubwa inayoishikilia kebo kwenye mdomo wa bomba na ujaribu kuivuta fimbo itoke. Ikitoka, shukuru na uendelee. Isipotoka, usikimbilie nyundo. Mimina mafuta ya kulainisha kutu katika ncha zote mbili za bomba jioni, rudia asubuhi, na uiache siku nzima ikibidi. Baada ya hapo, kata ncha ya fimbo inayochomoza ikiwa imepanuka au kupinda, kwa kuwa ncha iliyotanuka haiwezi kupita ndani ya bomba, na kila pigo linazidi kuitanua. Tumia chuma cha mviringo chembamba kidogo kuliko fimbo, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 16, uisukume kuelekea upande uliokuwa na nati kwa mapigo mafupi huku mwenzako akiikaza injini isiyumbe. Joto husaidia sana, lakini tumia mashine ya hewa moto badala ya mwali, na kabla ya hapo ondoa tangi la petroli na mpira wake uviweke mbali kabisa na boti. Nimewahi kutumia siku mbili nzima kwenye hatua hii peke yake, kisha hatua zote zilizobaki zikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Fimbo ikishatoka, zungushia kitambaa cha msasa kwenye kijiti, usugue ndani ya bomba, ufute kwa petroli kidogo, urudie hadi kitambaa kitoke bila wekundu wa kutu. Kipimo changu ni kwamba fimbo mpya, ikiwa bado kavu, ipite mwanzo hadi mwisho kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikikwama mahali, bomba bado chafu au limepinda, na bomba lililopinda hubadilishwa.

Kwenye usukani, toa gurudumu, fungua gia kutoka kwenye dashi na uachanishe kebo ya zamani kwa kuizungusha gia hadi waya wa ndani utoke wote. Kabla ya kuivuta kebo hiyo kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, funga kamba imara kwenye ncha yake, ili kamba ibaki katika njia ileile na ikusaidie kuipitisha mpya. Wakati wa kuipitisha, usiruhusu kona yoyote kuwa kali kuliko duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20, na uiweke mbali na mipira ya mafuta. Tao la mwisho karibu na injini liachiwe nafasi ya kutosha kwa injini kuinuka na kugeuka pande zote mbili bila kebo kubanwa.

Paka fimbo mpya grisi ya baharini kwa ukarimu, kwa kuwa grisi ya kawaida ya magari huoshwa na maji upesi, kisha iingize bombani na ukaze nati kubwa. Baadhi ya watengenezaji wa injini hutaja nguvu ya nyutoni mita 47 hivi kwa nati hiyo, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Boliti za mkono wa kuunganisha mara nyingi ni za inchi 3/8, zenye kichwa cha spana ya 9/16. Spana ya milimita 14 haiingii, nayo ya 15 huteleza na kukila kichwa. Nati za kujifunga zenye nailoni ziwe mpya, usirudishe za zamani hata kama zinaonekana nzima, kwa kuwa mkono huo ukiachia boti haina tena usukani.

Unganisha gia, kisha zungusha usukani hadi mwisho wa kila upande huku mtu mwingine akitazama nyuma. Ukigeuza kulia, rafadha inapaswa kuelekea kulia. Ikienda kushoto, kebo imeingizwa upande usio wake wa gia. Inua injini hadi juu na urudie zoezi hilo, kwa kuwa kebo fupi hujisema hapo.

Majini, jaribu kwanza polepole karibu na ukingo, ukiwa na kasia ndani ya boti, kisha ukirudi nyumbani kagua tena kila nati. Na kabla ya kuifunika boti kwa turubai, geuza usukani mpaka fimbo irudi yote ndani ya bomba, ndipo upige grisi kwenye nipeli. Ukipiga grisi fimbo ikiwa nje, grisi hiyo hujaza nafasi ya fimbo, na safari ijayo utaukuta usukani umegoma ingawa kebo ni mpya.