Vibakuli vya makaburini: jinsi ya kuviokoa bila kuvichomoa

Ukipita kwenye makaburi ya kale ya pwani, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Mambrui, na ng'ambo ya mpaka hadi Kunduchi na Kaole, utaona mashimo ya mviringo kwenye kuta na nguzo. Humo mlipachikwa vibakuli na sahani za kauri, nyingi zikiwa za Kichina. Vingine vimechomolewa vikauzwa. Vingine vimeanguka, na vigae vyake vimezama kwenye nyasi. Mwongozo huu unahusu hivyo vya chini. Vilivyobaki ukutani viache palepale, maana kibakuli kikishang'olewa kaburini hakina tena cha kusimulia, hata ukikiweka kwenye kabati la kioo.

Hatua ya 1: Bisha hodi kwanza

Makaburi yana wenyewe, hata kama hakuna anayeyafyeka. Anza kwa imamu wa msikiti wa karibu na wazee wa mtaa. Mara nyingi yupo bibi anayejua lipi ni kaburi la nani, na hayo hayamo kitabuni. Kisha nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyo karibu: Fort Jesus, Malindi au Lamu. Kwa upande wa Kenya, sheria ya mwaka 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa mali ya kale. Anayekigundua anapaswa kutoa taarifa ndani ya siku 7, na kutafuta vitu hivyo, iwe kwa kuchimba au juu ya ardhi, kunahitaji leseni. Sisi hatuchimbi. Tunaokota kilicho juu ya ardhi, kwa ruhusa. Mfupa ukionekana, ufunike kwa mchanga, weka alama, mwite imamu.

Hatua ya 2: Fyeka, usichome

Jiwe la matumbawe likiungua hugeuka chokaa; ndiyo kazi ya tanuu. Kwa hiyo moto makaburini hapana. Mwarobaini uliootea ukutani ukate shina, lakini mzizi usiuvute, kwa sababu huenda ndio pekee unaoshikilia yale mawe. Rudi kila baada ya wiki chache ukate machipukizi mpaka uchoke wenyewe.

Hatua ya 3: Picha kabla ya mkono

Hapa ndipo nilipoharibu mwaka wangu wa kwanza. Niliokota vigae vya makaburi zaidi ya kumi nikavitia gunia moja, nikijisifu kwa kasi yangu. Mpaka leo vimo kwenye boksi, vizuri, vya buluu na kijani, na hakuna ajuaye kipi ni cha wapi.

Yape makaburi yote namba kwenye mchoro wa karatasi. Weka rula kando ya kigae, piga picha kikiwa bado chini, andika umbali wake kutoka kona ya kaburi, ndipo ukiokote. Kila kaburi na mfuko wake. Kigae cha tatu cha kaburi la saba kiitwe K7/3, na jina hilo lisibadilike tena.

Maandishi ya Kiarabu yaliyofifia usiyapake chaki wala mkaa. Njoo asubuhi mapema na kioo cha kujitazamia, elekeza mwanga wa jua upite ubavuni mwa jiwe. Herufi zitajitokeza zenyewe, nawe piga picha. Ukipata mwaka wa Hijria, uzidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kaburi maarufu kwenye magofu ya Gede, karibu na Malindi, lina mwaka 802, ambao ulianza 1399 Miladia. Hesabu hii ni ya kukadiria, inaweza kukosea kwa mwaka mmoja.

Hatua ya 4: Toa chumvi

Kigae kilichokaa karibu na bahari kimekunywa chumvi. Kikikauka, chumvi inaganda ndani na kusukuma rangi ya juu mpaka ibanduke kama magamba. Hakitaharibika siku ya kukiokota. Kitaharibika baadaye, kabatini.

Kauri ngumu ilaze kwenye beseni la plastiki lenye maji ya mvua, ubadilishe maji kila siku. Kujua kama chumvi imekwisha, dondosha tone la maji ya beseni juu ya kioo safi, na kando yake tone la maji ya mvua ambayo hayajatumika. Yakikauka, linganisha. Tone la beseni likiacha duara jeupe zaidi, endelea. Kwangu huchukua wiki mbili, mara nyingine zaidi. Anika kivulini, polepole.

Vigae vya vyungu vya udongo ni habari nyingine. Jaribu pembe ndogo kwanza. Ikianza kumomonyoka, acha. Chenye ukoko mweusi ndani usikioshe kabisa, kwani ukoko huo unaweza kuwaeleza wataalamu kilichopikwa. Shaba na fedha hazilowekwi: ziweke pakavu uzipeleke makumbusho. Siki, ndimu, dawa ya kufulia na brashi ya waya vibaki nyumbani.

Hatua ya 5: Namba na boksi

Paka tabaka jembamba la Paraloid B-72 (plastiki angavu wanayotumia wahifadhi wa makumbusho) iliyoyeyushwa kwa asetoni mahali pasipo na nakshi, andika namba kwa wino mweusi, paka tena juu. Siku ikihitajika, asetoni itaitoa. Gundi ya dukani haitoki bila kung'oa kitu. Mifuko itoboe ili isitoe jasho.

Hatua ya 6: Ukuta uliobaki

Kazi hii ni ya fundi wa chokaa, chini ya makumbusho. Wewe kazi yako ni kuzuia saruji. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na hairuhusu unyevu kupita, hivyo maji yanatafuta njia ndani ya jiwe lenyewe mpaka linakuwa unga. Kisha bamba zima la lipu linaanguka na vibakuli vyake. Chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio wa ufukweni, ifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa isikauke kwa pupa.

Masika ikipita, rudi na picha zako za mwanzo, simama mahali ulipopigia kila moja, uangalie nini kimesogea.