Mkimbiaji, Chunga Meno Kabla ya Msimu
Nafundisha mbio Iten, na swali langu la kwanza kwa vijana wapya halihusu viatu: “Jino gani linakusumbua?” Jino bovu linakunyima usingizi na chakula, na hapo kilomita 30 za Alhamisi ni kujitesa bure. Kwenye Olimpiki ya London 2012 wanariadha 302 walipimwa kinywa. Zaidi ya nusu walikuwa na meno yaliyooza, na asilimia 18 walisema hali ya kinywa iliwapunguzia uwezo.

Kinachoharibu hasa ni kunywa kidogo kidogo siku nzima: soda, vinywaji vya wanamichezo, hata chai yetu ya maziwa yenye sukari tele. Kinywaji cha wanamichezo kiweke kwa mbio ndefu tu, kisha sukutua kwa maji. Usipige mswaki papo hapo, maana asidi ya kinywaji hicho imelainisha ganda la jino. Ngoja kama nusu saa. Usiku tumia dawa ya meno yenye floraidi, teme povu, usisukutue.

Daktari wa meno mwone miezi miwili kabla ya shindano. Kung’oa Jumatano ukimbie Jumapili? Hapana, mwanangu. Maji baridi yakianza kuchoma jino, nenda wiki hiyo hiyo, huenda bado linazibika.