Kutafuta sauti yako kwenye tarumbeta, kwa njia ya Cuong Vu

Wapiga tarumbeta wanaomsikia Cuong Vu, mpiga tarumbeta wa jazi, kwa mara ya kwanza huniuliza swali lilelile: ninunue pedali gani, yaani kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti? Pedali weka kando kwanza. Vu alizaliwa Saigon mwaka 1969, akahamia eneo la Seattle, Marekani, akiwa mtoto mwaka 1975, kisha akasomea jazi Boston, kwenye chuo cha muziki cha New England Conservatory. Ukisikia tarumbeta yake ikikwaruza kama gitaa la umeme, ni rahisi kudhani siri iko kwenye vifaa. Sikiliza tena. Chini ya vifaa kuna pumzi.

Anza na noti moja. Chukua sol ya katikati, vali zote (vile vitufe vya kubonyeza) zikiwa juu, uipulize kwa sauti ndogo kabisa. Punguza hewa taratibu mpaka noti ife, ubaki mvumo wa hewa tu ndani ya bomba. Sasa irudishe noti kutoka kwenye mvumo huo bila kuigonga kwa ulimi. Pale katikati, hewa na noti zikiwa zimechanganyika, ndipo ukae kwa wiki kadhaa. Wengi huona pale pana uchafu wakapakimbia. Mimi napapenda kuliko noti safi, kwa sababu midomo yako, meno yako na mapafu yako ndivyo vinavyoamua mchanganyiko utoke vipi, na hakuna mwingine mwenye mchanganyiko huo.

Pakizoeleka, bonyeza vali ya kwanza nusu tu. Noti itasongwa, itateleza. Iachie ipande, ishuke, huku ukisikiliza.

Huko Boston Vu alifundishwa na Joe Maneri, mwalimu aliyeigawa okteva, yaani umbali wa kutoka do hadi do inayofuata, katika sehemu 72 badala ya 12 tulizozoea. Yaani kila nusu-toni ina hatua 6 ndani yake. Huhitaji zote. Piga sol, ishushe kwa midomo peke yake, hatua ndogo kabisa ambayo sikio lako linaitambua, uishikilie hapo. Fungua programu ya kupimia noti kwenye simu: sindano isogee kidogo, kisha itulie. Ikitulia bila kuyumba, umepata noti ambayo piano haina.

Kuiga si kosa, wote tumejifunza kwa kuiga. Lakini jirekodi ukipiga bila mpango, kisha sikiliza ukiwa na kalamu. Kila kifungu unachojua umekitoa kwa nani, kiandike, na wiki hiyo usikiguse. Kimya kitakachobaki kitakutisha. Usikijaze haraka.

Sasa pedali. Moja ya mwangwi na moja ya kurudia sauti zinatosha. Sogeza maikrofoni karibu na kengele ya tarumbeta, yaani ule mdomo wake mpana wa mbele, mgongo wake uelekee spika, la sivyo spika italia. Rekodi mvumo wa hewa wa sekunde chache, uache uzunguke, halafu weka noti moja ndefu juu yake. Pedali ya kukwaruza sauti iongezwe mwisho kabisa: hiyo hukuza kila kilichomo kwenye pumzi, kizuri na kibaya, ndiyo maana tumeanza na pumzi.

Jambo la mwisho ni watu, na hapa nasisitiza sana. Vu aliingia kwenye kundi la mpiga gitaa Pat Metheny, mwanamuziki mwenye sauti inayotambulika mara moja, na tarumbeta yake haikumezwa. Mwaka 2016 ikatoka albamu ambayo safari hii Metheny ndiye mgeni ndani ya kundi la watu watatu la Vu. Kwa hiyo tafuta mpiga besi mwenye subira. Mwombe ashike noti ndefu bila kubadilisha kodi (noti zinazolia pamoja), mpige dakika 20 bila wimbo mliokubaliana, mkirekodi. Wiki inayofuata rudini, watu walewale, muanzie pale ambapo rekodi ilionyesha kwamba wote wawili mliacha kupiga mkawa mnasikiliza.