SOMO: Machicha ya nazi, kutoka kifumbu hadi kopo

Kila nikitaja kashata za machicha, yaani masalia ya nazi iliyokwisha kukamuliwa tui, naulizwa yale yale: yanakaushwaje, yanakaa muda gani, yanapikiwa nini. Nimeshachoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Nazi ikune kwa mbuzi. Ukiona vipande vya kahawia vinaanza kushuka, simama, umefika kwenye kifuu.

2. Kamua tui kwa maji ya uvuguvugu, ukichujia kwenye kifumbu (chujio la kusukwa). Ukitaka unga, kamua mara tatu, mafuta yatoke. Ukitaka kashata, kamua mara moja tu, maana machicha yasiyo na mafuta kabisa ni kama kutafuna makumbi.

3. Kukausha. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo vumilieni maelezo. Mara ya kwanza niliyaanika juani asubuhi, saa kumi jioni nikayagusa juu, nikayaona makavu. Nikayatia kwenye kopo, nikafunga kifuniko barabara. Siku ya tano nimefungua nipike maandazi, nakutana na harufu ya sabuni ya kufulia. Chini kabisa kulikuwa na vijidoa vya kijani. Kopo zima jalalani, na unga wa ngano niliokwisha kuuchanganya nao ukafuata.

Makosa yalikuwa mawili. Nilimwaga lundo nene, juu pakakauka na chini pakabaki na unyevu. Halafu nikafunga yakiwa bado na joto la jua, yakatoa jasho ndani ya kopo. Sasa nayatandaza yawe membamba kabisa, unene wa nusu sentimita, na nayageuza mara kwa mara. Kwa oveni ni nyuzi 100, saa moja na nusu hadi mbili, unageuza kila dakika 20. Kwa jua ni siku mbili za jua kali, umefunika chandarua, na jioni unayaingiza ndani kabla ya umande. Yakiwa tayari, ukifumba konzi kisha ukaachia, yanamwagika kama mchanga. Yakishikana hata kidogo, rudisha. Yapoe kabisa ndipo yafungwe.

TAHADHARI: ukiona ukungu, usichambue ukabakiza "yale mazuri". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani kwa macho na moto wa jikoni hauimalizi. Tupa yote.

4. Saga kwa blenda kavu, chekecha.

5. Hifadhi. Mimi humaliza ndani ya mwezi mmoja, na kopo hukaa kwenye friji. Mabichi yasizidi siku mbili kwenye friji. Zaidi ya hapo gandisha.

Matumizi: kwenye maandazi au chapati, kila vikombe vinne vya unga wa ngano toa kimoja, weka cha machicha. Usizidishe, machicha hayavutiki kama ngano, donge litakatika. Na ongeza maji, yanakunywa kama mchanga wa ufukweni. Kashata: vikombe viwili vya machicha mabichi, kimoja cha sukari, nusu ya maji, hiliki, na vijiko viwili vya tui zito kurudisha mafuta.

---

Mama Pacha: Asante dada. Je, yanaweza kukaa wiki nzima kwenye friji kabla sijayakausha?

Jibu: Hatua ya 5, mstari wa mwisho.

Mzee wa Pwani: Bibi yangu alianika juani miaka yote, oveni hakuwa nayo, na hakufa mtu.

Jibu: Shikamoo mzee. Jua nimeliandika pale juu, na siku zake nimezitaja. Nadhani bibi naye hakuwa akifungia kwenye kopo la plastiki, alianika, akapika.

Binti Hiliki: Kashata zangu zinameguka zikiwa kwenye sinia. Machicha ndiyo mabaya?

Jibu: Hapana mpenzi, shira yako haijaiva. Chovya kijiko, bana tone kati ya vidole viwili, achanisha: likivuta uzi, tia machicha. Ukitia kabla, sukari haishiki. Kisha koroga mpaka mchanganyiko uachane na sufuria, mimina, kandamiza kwa mgongo wa kijiko, na ukate zingali moto. Zikipoa kisu ndicho kinachozivunja.

Juma K: Yakichacha si naweza kufanyia kitu? Nimesikia Indonesia wanayavundika wanakula.

Jibu: Swali zuri, na jibu ni USIJARIBU. Kweli kuna chakula chao cha machicha yaliyovundikwa, kinaitwa tempe bongkrek. Kimeua watu wengi, mpaka serikali ikakipiga marufuku mwaka 1988. Kuna bakteria, Burkholderia gladioli, anayependa nazi, na sumu yake haiondoki kwa kupika. Huyo huyo ndiye aliyekutwa kwenye pombe iliyoua watu 75 Tete, Msumbiji, Januari 2015, ile ilikuwa ya unga wa mahindi. Machicha yaliyochacha hata kuku usiwape.

Juma K: Aisee. Na mabichi mazuri kuku wanakula?

Jibu: Wanayagombania. Changanya kidogo na pumba, ya siku hiyo hiyo, yakibaki yaondoe.

Mtwara Kuchele: Mimi natengeneza maziwa ya korosho. Machicha yake ni hivi hivi?

Jibu: Korosho ukiiloweka usiku kucha na blenda ikiwa kali, karibu yote inasagika, hata kuchuja si lazima. Kikibaki kijiko kimoja, tia kwenye mchuzi, unakuwa mzito. Lozi ndizo zinazoacha machicha mengi, nazo unakausha vivyo hivyo.

Mama Pacha: Hiyo oveni ni nyuzi ngapi?

Jibu: Mama Pacha, jamani. Mia.

Binti Hiliki: Shira imevuta uzi, zimekatika vizuri! Kifumbu changu cha ukindu ndicho kinanuka sasa, nifanyeje?

Jibu: Kikung'ute kikiwa bado kibichi, kimwagie maji ya moto, kianike kichwa chini juani. Usikitundike nyuma ya mlango kikiwa na maji. Na mwiko wako wa mbao uusugue kwa machicha kidogo kabla hujayatupa, utaona unavyong'aa.